Monita ya mtoto: ya sauti tu yatosha, na waya ukae mbali

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie monita za watoto wachanga, vile vifaa vya vipande viwili, kimoja cha chumbani kwa mtoto na kingine cha mzazi, ambavyo siku hizi vimejaa madukani Kariakoo na kwenye kurasa za wauzaji wa mitandaoni. Kazi yetu ni kuvifunga na kuvitengeneza vikiharibika. Wauzaji huvisifia kwa kioo kikubwa, kamera inayozunguka, nyimbo za kubembeleza na taarifa zinazoingia kwenye simu. Mnunuzi huondoka na kitu ghali kuliko mahitaji yake, na mambo mawili yaliyotakiwa kutangulia hajaambiwa: waya ukae wapi, na umeme ukikatika itakuwaje.

Msimamo wetu ni kwamba kwa nyumba nyingi za huku, monita ya sauti tu, isiyohitaji intaneti, inatosha, na mara nyingi inaishinda kamera.

Tuanze na anayeihitaji. Usiku, mtoto mchanga hulala chumba kimoja na mama yake. Familia zetu zimefanya hivyo siku zote, na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilisisitiza hivyo hivyo katika mwongozo wake wa 2022: chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya kwanza ikiwezekana, ila mtoto awe na kitanda chake, alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mito wala mablanketi mazito. Akiwa hapo ubavuni pako, monita haina kazi. Kazi yake ni mchana, mtoto amelala ndani na mama yuko jiko la uani, au anauza duka la barazani, au anaanika nguo juu ya ghorofa. Wengine wanaofaidika sana, na ambao wauzaji huwasahau, ni wazazi viziwi. Hao watafute monita ambayo kipande cha mzazi kinatetemeka na kina mstari wa taa unaopanda kadiri kilio kinavyopanda. Nyumba ya vyumba viwili ambayo kilio husikika mpaka kwa jirani haihitaji kitu. Fedha hiyo inunue chandarua kizuri.

Sasa aina zenyewe. Za zamani za analojia, ambazo bado huja kwenye mitumba kutoka Ulaya na Marekani, hurusha sauti wazi katika masafa ya MHz 40 au 49. Yeyote mwenye kipande kinachofanana na chako, akiwa jirani na katika chaneli hiyo hiyo, anasikia chumba chako chote, maongezi ya baba na mama yakiwemo. Hizo ziacheni. Za kidijitali za sauti tu nyingi hutumia mfumo wa DECT, ule ule wa simu za mezani zisizo na waya. Vipande viwili hufungamanishwa na mawasiliano yao mara nyingi husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo ambalo mwingine hawezi kulisikiliza. Hizi ndizo tunazopendekeza. Aina ya tatu ni za video zenye kioo chake, ambazo hurusha picha katika GHz 2.4 kwa kurukaruka kutoka masafa hadi masafa, bila intaneti. Ya nne ni kamera za Wi-Fi zinazotazamwa kwa simu. Nyingi za bei nafuu katika kundi hili ni kamera za ulinzi za kawaida zilizotiwa kwenye boksi lenye picha ya mtoto.

Hapa tuwaonye wanaoletewa zawadi na ndugu walioko Marekani. DECT ya Ulaya hutumia MHz 1880 hadi 1900, lakini ya Marekani hutumia 1920 hadi 1930, na kwetu masafa hayo yamo katika yale ambayo simu za 3G huyatumia kuzungumza na mnara. Monita za Marekani za MHz 902 hadi 928 nazo hukanyaga masafa ya GSM 900. Ukiiwasha, ama yenyewe inakoroma ama simu za nyumbani zinayumba, na watu wanaanza kulaumu mtandao. Halafu kuna umeme. Soma maandishi madogo kwenye adapta: ikiandikwa 100-240V, itafanya kazi kwa umeme wetu wa volti 230, unahitaji plagi ya kubadilishia tu. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka imeungua, pengine na kipande chenyewe. Zinazotoka Uingereza, Oman au Dubai huja na plagi ya miguu mitatu ya mraba na volti zake zinalingana na zetu. Monita, kwa kuwa ni kifaa cha redio, kabla haijaingizwa nchini kwa biashara inatakiwa iwe imeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na kule Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Muuzaji mkubwa akiulizwa hilo asione ajabu.

Waya ndio unaoua, kwa hiyo tutaukalia kidogo. Mwezi Februari 2011 huko Marekani, monita za video zipatazo milioni 1.7 za kampuni moja ziliingia katika zoezi la kurekebishwa, wenyewe wakapewa lebo mpya za tahadhari na maelekezo ya kufunga, baada ya watoto wawili kunyongwa na nyaya za kamera zilizowekwa karibu na vitanda vyao. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya huko inataka waya uwe angalau futi 3 kutoka kitanda cha mtoto, yaani karibu mita 1. Chukueni mita 1 kamili, na mpime kutoka mahali ambapo mkono wa mtoto utafika atakapokuwa anakaa na kusimama, kwa sababu wazazi wengi hupima mtoto akiwa na mwezi mmoja, halafu akifika miezi 7 anavuta kila kinachoning'inia. Kipande cha chumbani kisifungwe kwenye ukingo wa kitanda, kisiwekwe juu ya godoro, wala kisitundikwe kwenye kamba za chandarua. Kamera ipigwe skrubu ukutani, juu, na waya wake uteremke ndani ya mfereji wa plastiki wa kubandika, ule wa mafundi umeme, mpaka kwenye soketi. Kama soketi pekee ya chumba iko nyuma ya kitanda, hamisha kitanda. Waya wa kuongezea uliotandazwa sakafuni ni hatari ya pili juu ya ya kwanza.

Tukija kwenye umeme wenyewe. Kamera nyingi za watoto hazina betri. Umeme ukikatika, kipande cha mzazi kinabaki hai kwa betri yake huku kile cha mtoto kimekufa, na mzazi anaona kimya anadhani mtoto amelala. Monita nzuri hupiga mlio kwamba mawasiliano yamekatika. Mbovu hunyamaza tu. Kwa hiyo jaribio la kwanza dukani, kabla ya kulipa, ni kuwasha vipande vyote viwili, kisha kuchomoa adapta ya kile cha mtoto na kusubiri. Kisipopiga mlio ndani ya dakika moja au mbili, mrudishie muuzaji mzigo wake. Chagua ambayo kipande cha mtoto kinapokea pia betri za kawaida za AAA, maana siku umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, unapoisha mtoto akiwa usingizini, hicho ndicho kitakachokuokoa.

Wenye kamera hutumia pawabenki. Hesabu yake ni rahisi: pawabenki ya mAh 10,000 ina nishati ya Wh (wati-saa) 37, na baada ya upotevu wa kupandisha volti unabaki na kama 30. Kamera inayokula wati 3 itakaa saa 10 hivi. Tatizo ni kwamba pawabenki nyingi hujizima zikihisi mzigo ni mdogo, na kipande cha sauti tu hula umeme kidogo mno, kwa hiyo inajifunga wakati bado imejaa. Jaribu saa nzima mchana kabla ya kuitegemea. Na kamera ya Wi-Fi haitoi picha hata ikiwa na pawabenki kama ruta imezimika. Ruta inahitaji UPS yake ndogo, yaani betri ya akiba, mara nyingi ya volti 12, na volti hizo lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta.

Kuhusu betri za kipande cha mzazi, zile za kuchajiwa za AAA zina volti 1.2. Zikichoka, watu huweka betri za kawaida za volti 1.5 kisha wanarudisha kifaa kwenye chaja. Betri ya kawaida haichajiwi. Huvuja, na ule unga mweupe hula vichuma vya ndani. Hili ndilo gonjwa tunaloliona zaidi mezani kwetu. Ya lithiamu ikianza kuvimba na kusukuma mfuniko, itoeni, msiichaji tena.

Boksi huandikwa mita 300. Hizo ni mita za uwanja wa mpira. Ndani ya nyumba ya bloku za saruji, zenye nondo kwenye nguzo na sakafu ya ghorofa, mita 300 huwa 50 au pungufu. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe au Lamu, ambazo kuta zake hufika nusu mita ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta mbili zinaweza kumaliza kila kitu. Bati huzuia, kabati la chuma huzuia, friji na tangi la maji pia. Weka kipande cha mtoto upande unaotazama mlango au dirisha. Ukisikia video inakatika kila mtu anapopasha chakula, angalia maikrowevu: nayo hufanya kazi kwenye GHz 2.4, na ile iliyochoka huvujisha kelele.

Kupima ufike wapi, mtu mmoja abaki chumbani na redio iliyofunguliwa kwa sauti ya chini, mwingine atembee na kipande cha mkononi: jikoni, uani, dukani, bafuni, getini. Kila mahali asimame, asikilize maneno, asiridhike na mvumo. Kisha aendelee kutembea mpaka mlio wa kukatika ulie, ajue mpaka uko wapi. Rudia usiku, milango ikiwa imefungwa na feni zinazunguka. Wakati wa kuwasha, vipande visiwe karibu chini ya mita 2 hadi 3, la sivyo vitapiga mluzi, sauti ya kimoja ikiingia kwenye kipaza cha kingine. Watu huleta vifaa vizima kabisa kwa sababu hiyo tu.

Sasa usikivu. Monita za sauti huwa na kiwango cha kuamka: chini ya sauti fulani hunyamaza, juu yake hufunguka. Pangaboi lililo juu ya kitanda, au feni ya mezani inayotazama kipaza sauti, hutoa uvumi usiokoma. Ukipandisha usikivu, monita haifungi tena na betri inaisha kabla ya jioni; ukiushusha, kilio cha kwanza cha mtoto, kile cha kugunaguna, hakipiti. Ondoa kipande mbele ya upepo wa feni, kiweke mita 1 hadi 2 kutoka kichwani kwa mtoto kikimtazama, ndipo urekebishe usikivu, ukianzia katikati. Mvua ya masika kwenye bati itakiamsha tu, hakuna fundi atakayelizuia hilo, na adhana au honi ya bodaboda dirishani vilevile. Kumbukeni pia kwamba kikijiamsha hula nusu sekunde ya mwanzo, kwa hiyo kikohozi kifupi kinaweza kupita bila kusikika. Mwenye mtoto mgonjwa aweke hali ya kusikiliza muda wote.

Kamera nazo zina adui ambaye vitabu vyao vya maelekezo havimjui: chandarua. Gizani kamera huona kwa taa za infraredi zilizozunguka lenzi yake. Chandarua cheupe kikiwa karibu na lenzi hurudisha mwanga huo wote, na mzazi anaona ukungu mweupe mahali pa mtoto. Watu hudhani lenzi imeharibika. Isogeze kamera nyuma, mita 1.5 au zaidi kutoka kwenye neti, iwe juu na itazame kwa pembe. Au zima taa zake na uache taa ndogo hafifu upande mwingine wa chumba. Kuingiza kamera ndani ya neti ni kuuingiza waya kitandani, kwa hiyo hapana. Na ile taarifa ya "kuna mwendo" zima moja kwa moja, maana feni ikitikisa neti simu haitapumzika.

Kamera za Wi-Fi zina mengine yake. Nyingi hukubali mtandao wa GHz 2.4 tu, kama ruta yako inarusha na GHz 5 kwa jina moja, kamera inagoma kuunganishwa mpaka uyatenganishe. Picha hufika sekunde kadhaa baadaye. Ukiitazama kupitia bando la simu, mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa, yaani karibu GB 3.6 kwa saa nane. Na simu nyingi za bei nafuu hufunga programu zilizo nyuma ili kutunza chaji, kwa hiyo taarifa haiji kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kizuizi, kisha ufunge kioo na umwambie mtu apige makofi chumbani. Hali hiyo hiyo huwakuta wanaotumia simu mbili za zamani badala ya monita: simu ikipokea wito, kusikiliza kumekatika. Simu inayochajiwa mchana kutwa chini ya shuka hupata joto kali. Ikae juu ya meza, mbali na kitanda.

Usalama wa kamera hizi si maneno matupu. Agosti 2013 mjini Houston, Marekani, mtu asiyejulikana aliingia katika kamera ya chumba cha mtoto na kumtolea matusi akiwa amelala. Uingereza imepiga marufuku tangu 29 Aprili 2024 vifaa vya intaneti vinavyouzwa na nywila moja rahisi ya kiwandani. Huku kwetu zinaendelea kuuzwa na nywila ya "admin" au "123456". Ibadilishe siku hiyo hiyo, herufi 12 au zaidi, tofauti na ya barua pepe yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Sasisha programu ya kamera. Zima UPnP kwenye ruta, ule mpangilio unaoruhusu vifaa kujifungulia mlango wa intaneti vyenyewe. Ukiinunua kwa mtu, irudishe katika hali ya kiwandani na muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, kwa sababu asipofanya hivyo bado anaweza kuona chumba chako. Na dada wa kazi aambiwe kwamba kamera ipo na inarekodi. Pengine huvaa na kumnyonyesha mtoto wake katika chumba hicho hicho.

Kuna soksi za kupima oksijeni na mikeka ya kuhisi pumzi chini ya godoro, nazo huuzwa kama kinga ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Mwongozo ule wa 2022 unasema wazi kwamba vifaa hivyo vya nyumbani visitegemewe kupunguza hatari hiyo. Mkeka, juu ya hayo, unataka ubao mgumu chini yake, na mtikisiko wa feni au mtu aliyelala kando ya mtoto huuhadaa uone pumzi ambayo si yake. Monita yoyote pia haisikii moshi wala hewa ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani wakati wa baridi.

Zile zenye kipimajoto zimewekwa kwa hali ya Uingereza, ambako wazazi huambiwa nyuzi 16 hadi 20. Dar es Salaam usiku wa Februari chumba hakishuki chini ya 25, na king'ora kitalia mpaka asubuhi. Zima king'ora hicho, mguse mtoto shingoni au kifuani, ukimkuta ana jasho mpunguzie nguo.

Inafaa kukumbuka kwamba monita ya kwanza kuuzwa, ile iliyotolewa na Zenith ya Marekani mwaka 1937 na kuchongewa umbo na Isamu Noguchi, ilikuwa ya sauti tu. Mkuu wa kampuni hiyo, Eugene McDonald, aliitaka baada ya mtoto wa rubani Charles Lindbergh kutekwa mwaka 1932. Hofu iliuza bidhaa hiyo siku ya kwanza na inaiuza mpaka leo.

Kwa waagizaji tuna ombi la mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili ndani ya kila boksi, lebo ya "mita 1 kutoka kitandani" kwenye waya wenyewe, na mnunuzi aruhusiwe kuwasha na kuchomoa dukani kabla hajalipa.

Mafundi wa redio na kamera za nyumbani,
Dar es Salaam